Alfred Büchi: Mhandisi aliyegeuza moshi wa injini kuwa nguvu

UKISIMAMA kando ya barabara katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, utayasikia malori kabla hujayaona. Ndani ya ngurumo za injini kuna sauti nyingine nyembamba, kama mluzi, inayopanda dereva anapokanyaga mafuta na kushuka anapobadili gia.

Mluzi huo unatoka kwenye kifaa ambacho madereva na mafundi wetu hukiita tabo. Kimefungwa kwenye njia ya moshi, mahali ambapo wengi wetu tunadhani hakuna kitu zaidi ya uchafu unaotafuta pa kutokea.

Bila kifaa hicho, lori lenye injini ya ukubwa uleule lingepanda Kitonga kwa kujikokota, au lingelazimika kupakia magunia machache. Magunia yakipungua, nauli ya kila gunia inaongezeka, na mara nyingi mkulima ndiye anayeilipa, kwa kuwa mnunuzi huikata kwenye bei ya shambani.

Aliyebuni kifaa hicho ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyefariki dunia mwaka 1959. Wahandisi wa injini duniani kote wanalifahamu jina lake, ingawa huwezi kulikuta limeandikwa mbele ya lori kama yalivyo majina ya wenye viwanda.

Makala haya yanaeleza maisha yake. Yanaeleza pia kwa nini alihitaji miaka 20 kukamilisha kazi ambayo baadhi ya mafundi wa mitaani humwahidi mwenye gari kuimaliza kwa siku moja, yaani kuibadili njia ya moshi ili injini ipate nguvu zaidi.

Mtoto wa mji wa viwanda

Büchi alizaliwa Julai 11, 1879 katika mji wa Winterthur, kaskazini mwa Uswisi, karibu na jiji la Zurich. Winterthur ulikuwa mji wa viwanda. Kiwanda chake kilichojulikana zaidi ni Sulzer, kilichoanzishwa mwaka 1834 na ambacho kilijijengea jina kwa kutengeneza mashine za mvuke.

Baba yake alikuwa mmoja wa wakuu wa kiwanda hicho. Hivyo kijana Alfred alikua katika nyumba ambayo habari za mashine zilikuwa jambo la kawaida, kama vile mtoto wa mkulima anavyokua akisikia habari za mvua na mbegu.

Katika mwaka huohuo aliozaliwa, kijana mmoja wa Kijerumani alikuwa Winterthur akijifunza kazi kwa vitendo katika kiwanda cha Sulzer. Kijana huyo alikuwa ameugua homa ya matumbo na kushindwa kufanya mtihani wake wa mwisho wa chuo pamoja na wenzake, hivyo alikuwa akisubiri nafasi nyingine. Jina lake ni Rudolf Diesel.

Diesel ndiye aliyekuja kubuni injini inayoitwa kwa jina lake, na ambayo leo inaendesha malori, matrekta, mashine za kusaga na pampu za umwagiliaji. Injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, na mwaka uliofuata Sulzer nao wakatengeneza injini ya dizeli ya kwanza ya kiwanda chao. Wakati huo Büchi alikuwa karibu kumaliza shule.

Mwaka 1899 Büchi alijiunga na chuo cha ufundi cha Zurich, kinachojulikana leo kwa kifupi kama ETH, akasomea uhandisi wa mashine. Alihitimu mwaka 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Ni huko ugenini ambako swali moja lilianza kumsumbua, na hakuliacha hadi uzeeni.

Gunia moja kati ya matatu

Swali hilo lilihusu hasara. Injini inapochoma mafuta, si nguvu yote ya mafuta hayo inayofika kwenye magurudumu au kwenye jiwe la kusagia. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja hivi ndiyo inayofanya kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi ikiwa joto, na sehemu iliyobaki humezwa na maji ya rejeta, msuguano wa vyuma na hewa inayoizunguka injini.

Tuchukulie mfano wa mkulima aliyevuna magunia matatu ya mahindi. Gunia la kwanza anauza. La pili linaliwa na dumuzi ghalani. La tatu linaoza kwa unyevunyevu. Mkulima huyo hawezi kulala usingizi hadi apate dawa.

Mwenye injini yuko katika hali hiyohiyo kila siku. Katika kila lita 100 za dizeli anazonunua, nguvu ya lita zaidi ya 30 inapitia kwenye bomba la moshi na kupotea angani. Hata hivyo analala usingizi, kwa sababu hasara hiyo haina umbo la gunia tupu.

Büchi alitambua jambo la pili linaloambatana na hilo. Injini haiishi kwa mafuta tu, bali pia kwa hewa. Ili kuteketeza kilo moja ya dizeli sawasawa, zinahitajika kilo 14 na zaidi za hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe pistoni inaposhuka, na haiwezi kuvuta zaidi ya ukubwa wa silinda zake.

Ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, mafuta hayateketei yote. Yanatoka yakiwa moshi mweusi. Lakini ukiweza kusukuma hewa iingie kwa nguvu, silinda ileile itapokea hewa nyingi zaidi, itachoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi.

Tatizo lilikuwa namna ya kupata nguvu ya kuisukuma hewa hiyo. Kama pampu ya hewa ingeendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye injini, ingekula sehemu ya nguvu ileile iliyokuwa ikitafutwa. Büchi akauliza kwa nini kazi hiyo isifanywe na moshi, ambao tayari unatupwa.

Hataza ya mwaka 1905

Novemba 16, 1905, akiwa na umri wa miaka 26, Büchi aliandikisha wazo lake katika ofisi ya hataza ya Ujerumani. Hataza hiyo ilipewa namba 204630, na wanahistoria wa injini huihesabu kuwa ndiyo cheti cha kuzaliwa cha tabo.

Wazo lenyewe si gumu kulielewa. Kuna magurudumu mawili yenye mapanga kama ya feni, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza limekaa kwenye njia ya moshi. Moshi wa moto unapotoka kwa kasi huyapiga mapanga yake na kulizungusha, kama maji ya mto yanavyozungusha kinu.

Gurudumu la pili, kwa kuwa liko kwenye mhimili huohuo, nalo huzunguka. Hili limekaa upande wa hewa safi, na kazi yake ni kuivuta hewa kutoka nje, kuibana na kuisukuma ndani ya silinda.

Kwa maneno mengine, injini inapumuliwa na pumzi yake yenyewe. Kadiri inavyofanya kazi ngumu ndivyo moshi unavyokuwa mwingi na wa moto zaidi, na ndivyo inavyopata hewa nyingi zaidi pale inapoihitaji.

Miaka ya kushindwa

Kama hadithi ingeishia hapo, Büchi angekuwa tajiri kabla ya kufikisha miaka 30. Haikuwa hivyo. Wazo lilikuwa sahihi, lakini mashine ya kulitekeleza haikuwapo.

Mwaka 1909 alikuwa amerudi nyumbani na kuanza kazi Sulzer, akisimamia utafiti wa injini za dizeli. Mwaka 1911 kiwanda kilifungua karakana ya kufanyia majaribio ya wazo lake. Injini ya kwanza ya mfano ikawa tayari mwaka 1915, ikiwa ni miaka kumi kamili tangu hataza ilipoandikishwa.

Injini hiyo haikuaminika kiasi cha kuingizwa sokoni. Moshi unaotoka kwenye injini ya dizeli inayofanya kazi ngumu huwa na joto la nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi, na mapanga hayo yanatakiwa kuzunguka kwa kasi kubwa mno yakiwa ndani ya joto hilo. Vyuma vya wakati ule havikuwa vimetengenezwa kwa adhabu ya namna hiyo.

Aidha, gurudumu la kubana hewa lilikuwa bado duni, na sehemu ya nguvu iliyopatikana kwenye moshi ilikuwa ikipotea njiani. Injini yenyewe nayo, ikishindiliwa hewa na mafuta kuliko ilivyozoea, ilizidiwa na joto.

Kwa jicho la kiuchumi, hapo ndipo wabunifu wengi hukata tamaa. Hataza za Ujerumani wakati ule zilikuwa za miaka 15. Maana yake ni kwamba saa ya kibiashara ilikuwa ikienda, huku mtaji ukitumika na hakuna hata shilingi iliyorudi. Wenye mitaji hawapendi kusubiri hivyo, na mwajiri yeyote angeweza kumhamishia mhandisi wake kwenye kazi inayolipa.

Büchi hakuondoka kwenye kazi hiyo. Mwaka huohuo wa 1915 aliandikisha hataza nyingine, safari hii akieleza jinsi hewa mpya inavyoweza kutumiwa kufagia masalia ya moshi ndani ya silinda.

Vita yaipeleka tabo angani

Wakati Büchi akihangaika Winterthur, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea kuizunguka Uswisi, nchi ambayo haikushiriki. Vita hiyo ilileta mteja mpya wa wazo lake, ambaye ni ndege.

Ndege inapopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na injini inapungukiwa nguvu. Ufaransa, mhandisi Auguste Rateau alifunga tabo kwenye injini za ndege. Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alibeba injini ya ndege kwa lori hadi kilele cha mlima Pikes Peak mwaka 1918, kwenye urefu wa karibu mita 4,300 kutoka usawa wa bahari.

Injini hiyo ilikuwa na nguvu farasi 350 katika usawa wa bahari. Juu ya mlima, bila tabo, ilitoa nguvu farasi 230 tu. Ilipofungwa tabo ilitoa 356.

Jaribio hilo linawahusu hata wakulima wetu wa nyanda za juu. Kwa kanuni ya jumla, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbeya mjini ni kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwenye trekta au mashine ya kusaga isiyo na tabo huko asimlaumu fundi haraka anapoona nguvu haifikii iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Siri ilikuwa kwenye mabomba

Mafanikio ya Büchi mwenyewe yalikuja mwaka 1925. Baada ya miaka yote ya kuhangaika na mapanga na mhimili, sehemu kubwa ya jibu ilikutwa mahali pengine, nayo ni mpangilio wa mabomba ya moshi kati ya injini na tabo.

Moshi hautoki kwenye injini kwa mtiririko mmoja kama maji ya bomba. Kila vavu ya moshi inapofunguka, moshi huruka kwa kishindo, kisha nguvu yake ikapungua. Silinda moja ikimaliza nyingine inafuata, hivyo ndani ya bomba kuna mfululizo wa vishindo.

Mwanzoni silinda zote zilikuwa zikimwaga moshi katika bomba moja kubwa. Humo vishindo vilisambaa na kufa kabla ya kufika kwenye tabo. Kibaya zaidi, kishindo cha silinda moja kiliweza kurudi nyuma na kuingia katika silinda jirani ambayo vavu yake ilikuwa bado wazi.

Mkulima wa umwagiliaji analijua tatizo hili. Watu wawili wakifungulia maji kwa wakati mmoja kwenye mfereji mmoja, maji ya mwenye nguvu hurudi na kufurika shamba la mwenzake. Ndiyo maana wakulima wa mifereji huwekeana zamu.

Büchi aliwekea silinda zamu. Aliligawa bomba la moshi katika njia mbili au zaidi, nyembamba, na kuzipanga silinda ili zile ambazo vishindo vyake vinagongana zisitumie njia moja. Kila kishindo sasa kilifika kwenye mapanga kikiwa na nguvu zake.

Faida ya pili ilitokana na ile ya kwanza. Kwa kuwa kati ya kishindo na kishindo kulikuwa na utulivu katika bomba, aliweza kuifungua vavu ya hewa kabla ya vavu ya moshi kufungwa. Kwa muda mfupi hewa safi ilipita moja kwa moja, ikafagia moshi uliobaki na kupooza pistoni na vavu, kama mkulima anavyofagia ghala kabla ya kuingiza mavuno mapya.

Alama ya kazi hiyo iko barabarani hadi leo. Ukiangalia injini nyingi za malori zenye silinda sita na tabo, utakuta silinda tatu za mbele zina njia yao ya moshi, na tatu za nyuma zina yao. Mpangilio huo unatokana na mawazo ya Büchi.

Meli mbili za Ujerumani

Matunda yalionekana baharini. Serikali ya Ujerumani iliagiza meli mbili za abiria kwa ajili ya Bahari ya Baltiki, Preussen na Hansestadt Danzig. Baada ya vita jimbo la Prussia Mashariki lilikuwa limetengwa na sehemu nyingine ya nchi kwa ardhi ya Poland, hivyo usafiri wa majini ulikuwa na umuhimu wa pekee.

Kila meli ilikuwa na injini mbili za dizeli za silinda kumi. Bila tabo, injini ya aina hiyo ilitoa nguvu farasi 1,750. Kwa tabo za Büchi, zilizotengenezwa na kampuni ya Brown Boveri ya Uswisi chini ya usimamizi wake, ilitoa 2,500. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 kwa injini ya ukubwa uleule.

Mfanyabiashara anajua maana ya hesabu hiyo. Injini isiyoongezeka ukubwa haili nafasi ya mizigo na abiria. Haihitaji chumba kikubwa zaidi wala chuma kingi zaidi, ilhali chombo kinakwenda kasi au kinabeba zaidi.

Meli hizo zilianza kazi mwaka 1926. Mwaka huo Büchi aliondoka Sulzer na kuongoza ushirika wa kibiashara ambao Brown Boveri walitengeneza tabo, washirika wengine wakashughulikia injini, na yeye akabaki na uhandisi pamoja na kuwahudumia wateja. Hataza yake ya mwaka 1925 ilikuwa kwa jina lake mwenyewe, na viwanda vilivyotaka kutumia mfumo wake vilinunua leseni.

Uamuzi huo una funzo kwa wajasiriamali. Büchi hakujaribu kujenga kiwanda cha kila kitu. Alishika lile alilolijua kuliko wengine, akawaachia wenye tanuri na mitambo kazi yao, na mapato wakagawana.

Kutoka melini hadi shambani

Kutoka melini, tabo iliingia kwenye mitambo ya umeme na vichwa vya treni. Mwaka 1938 kiwanda cha Saurer, pia cha Uswisi, kilitoa injini ya lori yenye tabo. Mwaka 1954 Volvo ya Sweden nayo ilianza kuuza lori la aina hiyo.

Büchi alifariki dunia Oktoba 27, 1959 mjini Winterthur alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 80. Hakuliona trekta la Allis-Chalmers D19, lililotoka Marekani mwaka 1961 na kuwa la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na injini ya dizeli yenye tabo ya kiwandani.

Pia hakuona mafuta yalivyopanda bei ghafla mwaka 1973, hali iliyowalazimisha watengenezaji kutafuta injini ndogo zenye nguvu kubwa. Leo ni vigumu kukuta lori jipya la masafa marefu lisilo na tabo, na injini kubwa za meli zinazotumia kifaa hicho hugeuza karibu nusu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

Funzo kwa mwenye lori na trekta

Katika miji yetu mingi wapo mafundi wanaoshauri kukata sailensa au kubadili ekzosi ili gari lipate nguvu. Wapo pia wanaofunga tabo iliyotumika kwenye injini ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Maisha ya Büchi yanatupa kipimo cha kuwapimia.

Kwanza, kelele si nguvu. Ni kweli kwamba bomba lililobonyea, lililoziba kwa masizi au jembamba kupita kiasi huibana injini na kuongeza matumizi ya mafuta. Bomba la namna hiyo lirekebishwe. Lakini kulikata bomba zima kunaongeza mlio zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu injini yenyewe haijaongezewa hewa wala mafuta. Tena cheche zinazotoka kwenye bomba lisilo na sailensa ni hatari shambani wakati wa mabua makavu.

Pili, mabomba yaliyo kati ya injini na tabo yasiguswe ovyo. Büchi alifikia mpangilio wake baada ya miaka 20. Fundi anayeunganisha njia mbili kuwa moja ili kurahisisha kuchomelea anaturudisha mwaka 1915. Hata tundu dogo au gasketi iliyoungua mahali hapo humwaga nguvu nje kabla haijafika kwenye mapanga.

Tatu, tabo si kiraka. Injini iliyotengenezwa kwa tabo ina pistoni, beringi, mfumo wa oili na wa kupooza vinavyostahimili mzigo huo. Injini isiyokuwa navyo itakimbia vizuri kwa muda, kisha gasketi au pistoni zikaungua. Kabla ya kukubali, mwenye gari apige hesabu ya gharama ya kufungua injini nzima, pamoja na siku ambazo gari litalala bila kazi katika msimu wa mavuno.

Nne, tabo inahitaji matunzo. Mhimili wa tabo ya lori unaweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili chafu huua tabo. Filta ya hewa iliyochanika huingiza vumbi linalokula mapanga.

Vilevile dereva aliyetoka kupanda mlima asizime injini papo hapo. Aiache iungurume taratibu kwa dakika mbili au tatu ili oili iendelee kupita na kuupooza mhimili. Lita anazookoa kwa kuzima haraka ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya tabo mpya.

Moshi mweusi mzito, mluzi uliobadilika kuwa mkwaruzo, au oili inayopungua bila kuvuja chini ni dalili za kumwona fundi mapema.

Hasara isiyoonekana

Wachumi wa kilimo tumezoea kuhesabu magunia yanayopotea baada ya mavuno, kwa sababu tunajua kwamba gunia linalookolewa ghalani halihitaji shamba jipya, mbegu wala mbolea. Büchi alifanya hesabu ileile kwenye injini. Hakuongeza mafuta wala ukubwa wa silinda kwanza. Alianza kwa kuangalia kinachotupwa.

Kila mmoja wetu anaweza kuanza hapo. Samadi inayosombwa na mvua, pumba zinazochomwa baada ya kukoboa, maji yanayovuja kabla ya kufika bustanini, safari ya lori linalorudi tupu, vyote ni moshi unaotoka kwenye bomba la biashara zetu.

Lakini tukumbuke pia sehemu ngumu ya maisha yake. Kuiona hasara kulimchukua miaka miwili tangu atoke chuoni. Kuigeuza kuwa faida kulimchukua 20 mingine, akipima na kurudia hadi akajua kila kishindo cha moshi kinakwenda wapi. Mwenye lori anayeambiwa kazi hiyo itamalizika kabla ya jua kuzama ana haki ya kuuliza maswali kabla hajafungua pochi.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.